Mota ya BLDC (isiyo na brashi) isiyo na sensa inachelewa kuanza, nipunguze wapi?

Swali
Habari wakuu. Mota ni 920KV (mizunguko 920 kwa dakika kwa kila volti), jozi 7 za sumaku, betri ya 11.1V, feni ya inchi 10, ubao ni Arduino Nano. Nasoma BEMF, yaani umeme ambao koili huzalisha sumaku zikipita, kupitia rizista za 33k na 10k zenye kapasita ya 100nF kila fezi (kundi la koili). Rota (sehemu inayozunguka) naishikilia ms 700, kisha naizungusha kwa kukisia sekunde 1.2, nikipunguza muda wa kila hatua (zamu ya kuwasha jozi moja ya fezi) kwa kiasi kilekile. Nataka yote yaishe chini ya ms 300, ila nikifupisha inatetemeka na kukwama.

Jibu la 1
Mkuu, kukwama kunatokana na huko kupunguza kwa kiasi kilekile. Hatua za mwisho zinadai kasi ipande ghafla, rota inaachwa nyuma. Kasi ikipanda sawasawa, muda wa hatua ni t × (√(n+1) − √n), t ni muda wa hatua ya kwanza, n ikianzia 0. Anza na ms 33, ya pili 13.7, ya tatu 10.5. Hatua 12 zinachukua kama ms 114, na hapo uko karibu mizunguko 300 kwa dakika.

Kapasita nayo ni kubwa mno. Kichujio chako kinakata kwenye Hz 207 hivi. Mota ikifika mizunguko 3000, yaani Hz 350, ishara inachelewa karibu digrii 59, na wewe unatakiwa kubadili hatua digrii 30 tu baada ya BEMF kuvuka sifuri (kubadilika kati ya chanya na hasi)! Weka 1nF, usome ADC (kipima volti cha Arduino) mbali na kingo za PWM (kuwasha na kuzima umeme haraka haraka).

Jibu la 2
Kwenye ms 700: rota ikiwa digrii 180 za umeme kinyume na hatua unayoshikilia, haipati torki (nguvu ya kuizungusha), hata ungesubiri vipi. Shikilia hatua moja ms 50, kisha inayofuata ms 50. Ukianza kuzungusha, ruka hatua mbili mbele, si moja, rota ivutwe vizuri tangu mwanzo. Mkondo uzuie usizidi 4A.

Muuliza swali
Asanteni. Kwenye mizunguko 300 ADC itaona kitu kweli?

Jibu la 1
Kidogo sana. 300/920 ni 0.33V kati ya fezi mbili, nusu yake 0.16V kwa fezi moja. Ikipita kwenye rizista zako inabaki 38mV, namba 8 hivi kati ya 1023. Tumia pini 3 nyingine za analogi zisizogawanya volti: 10k kwa mfululizo na dayodi ya kinga kwenda 5V. Zisome PWM ikiwa imezima. Dyuti ya kuanzia (sehemu ya muda ambayo PWM imewashwa) ni ndogo, muda upo wa kutosha.

Angalizo: wakati huo washa mosfeti ya chini (swichi ya upande wa hasi) ya fezi ambayo PWM inaiwasha na kuizima. Ukiiachia dayodi yake peke yake, kituo cha nyota (fezi tatu zinapokutana) kinashuka karibu 0.35V, zaidi ya ishara unayoitafuta. Pia usisome mara tu baada ya kubadili hatua, maana koili iliyoachwa bado inamwaga mkondo na utaona kuvuka sifuri kwa uongo. Ukiona kuvuka sifuri mara 3 mfululizo kwa wakati unaotarajiwa, acha kukisia.