Ushauri wakuu: nirudi kazini Jumatatu au niombe likizo zaidi? Mgongo bado

Pimamaji: Habari zenu wakuu. Miezi saba iliyopita nilianguka kutoka kwenye jukwaa nikiwa kazini, pingili moja ya uti wa mgongo ikapata ufa. Bosi anataka nirudi Jumatatu, niendeshe winchi kwa kuwa ni kazi ya kukaa. Usingizi sipati. Nifanyeje?

Mama Pacha: Pole mwanangu. Fidia umelipwa? Mume wangu alivunjika nyonga, akazungushwa na makaratasi mwaka mzima, tukauza hadi kitanda. Usisaini kitu!

Nyundo: Kazi ya kukaa nayo unaiogopa? Wenzio tunabeba zege. Rudi mkuu.

Mfamasia Mstaafu: Unameza dawa gani ya maumivu?

Pimamaji: Za kawaida tu, aliniandikia daktari.

Mfamasia Mstaafu: Jina, na ngapi kwa siku.

Pimamaji: Tramadol za miligramu 50. Nilianza na nne, sasa ni kumi na mbili. Lakini mimi si teja, cheti cha daktari ninacho. Na nimeshaamua: Jumapili nakata zote, Jumatatu naingia kazini. Fomu nimeshasaini.

Mfamasia Mstaafu: Hizo ni miligramu 600. Mwisho kwa mtu mzima ni 400 kwa siku. Ukizidisha, degedege iko karibu. Mwili ukishazoea, dozi ileile haitoshi, unadhani mgongo umezidi kumbe mwili unadai dawa. Usikate ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akikuangalia. Pombe na diazepam, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, usiguse kabisa, pumzi inaweza kukatika usingizini.

Mja wa Mola: Mwili ni amana, kijana. Tubu.

Mzee wa Hoja: Hii chai. Daktari gani anaandika tramadol miezi saba?

Pimamaji: Aliandika miwili. Zilizofuata natafuta mwenyewe. Jana dozi ya asubuhi nilichelewa hadi saa sita mchana: kamasi zinachuruzika, miayo haikatiki, vinyweleo vimesimama. Mwanangu akaniomba nimfunge kamba za viatu. Mikono ikanishinda, akajifunga mwenyewe. Ana miaka mitano.

Nyundo: Nafuta kauli yangu. Usipande winchi, ndugu yangu. Chini ya ile ndoano tunapita sisi.

Mfamasia Mstaafu: Kesho nenda kwa daktari na paketi tupu, umtajie idadi kama ulivyotutajia sisi.

Pimamaji: Ziko chini ya godoro. Mke wangu anajua nne. Bado hajalala, ngoja nianze na yeye.