Ruzuku ya madarasa isiishie kwenye lenta: tuanzie wapi?

Mjumbe_wa_Kamati
Wakuu, habari za leo. Shule ya msingi imeingiziwa ruzuku ya madarasa mawili, ujenzi ni wa fosi akaunti (shule inasimamia yenyewe na fundi wake, bila mkandarasi), na kiwanja kina mteremko. Majengo mengi ya hivi hukwama kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Tupangeje hela ifike kwenye paa? Na ikipungua, tunaweza kujazia kwa ruzuku ya uendeshaji?

Timazi
Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, mhandisi wa halmashauri apime huo mteremko. Hapo ndipo hela huzama. Viwanja havilingani lakini kiasi hupangwa kimoja: mwaka 2021 madarasa ya sekondari ya fedha za UVIKO-19 yalipewa milioni 20 kila moja, tambarare na mlimani sawa.

Chukua darasa la mita 9 kwa 7. Ardhi ikishuka mita 1 kutoka ncha hadi ncha, upande wa chini unaongezeka kozi (mistari) 4 za tofali, na ndani panataka kifusi kama mita za ujazo 31. Kikishindiliwa kinashuka, kwa hiyo hesabuni 40, yaani tripu 8 za lori la mita 5. Nafasi ikiruhusu, urefu wa jengo ukingame mteremko, usiufuate.

Sakafu ya sentimita 10 ni mita za ujazo 6.3, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) inakula mifuko ya saruji kama 40. Fundi akiandika 60, aeleze. Tofali ni 9 kwa mita ya mraba ya ukuta, agizeni 10 kwa sababu ya zinazovunjika.

Hela ya mbao, mabati na misumari itengeni siku ya kwanza, isiguswe.

Vocha_Kamili
Naongezea makaratasi. Kamati ni tatu: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Mtu mmoja asikae kwenye mbili. Manunuzi sasa yanapitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, hivyo hakikisheni mapema kwamba mzabuni amesajiliwa humo.

Hoja za ukaguzi nyingi huzaliwa getini. Kokoto zinashushwa usiku, kamati ya mapokezi haipo, anasaini mlinzi. Pimeni bodi ya lori kwa tepu kabla halijamwaga: urefu, upana, kina cha mzigo wenyewe. Kisha leja ijazwe palepale. Risiti ya EFD iwe na jina la shule, siyo la mwalimu mkuu. Fundi alipwe kwa hatua, mhandisi akishasaini.

Ruzuku ya uendeshaji achaneni nayo kabisa. Ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shule inapata 6,000. Wanafunzi 500 ni Sh 250,000 kwa mwezi. Hiyo ni chaki, mitihani na kurekebisha kitasa. Mkiichukua, paa halitaisha na watoto watakosa karatasi.

Mjumbe_wa_Kamati
Nimeelewa. Nguvu za wananchi je?

Timazi
Ziwekeni kwenye msingi: kuchimba, kusomba mawe, kushindilia. Vocha atakwambia ziandikwe thamani yake kwenye leja, na ni kweli. Kifusi kiwekwe tabaka za sentimita 15, kila moja imwagiwe maji na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Kikimwagwa chote kwa mkupuo, kitatitia chini ya zege na sakafu itapasuka katikati ya darasa.