Mashine ya nyumbani inasoma 7, kipimo cha miezi mitatu kinasema 9.2. Nani mkweli?

BintiTanga: Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana kisukari aina ya 2, anatumia metformini. Kila asubuhi kabla ya chai nampima kwa mashine yetu, inacheza kwenye 6.5 hadi 7.2, naandika kwenye daftari. Juzi kliniki wakampima HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu: asilimia 9.2! Daktari akapekua daftari, akaniangalia kana kwamba yale majibu nimeyapika. Sasa mama anasema mashine ni ya uongo, kidole hatoi tena.

Maabara_Moro: Pole dada. Niko maabara, na majibu ya namna hii tunayaona sana. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli. Mashine inakupa sukari ya dakika ile tu. HbA1c inapima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu, ambazo huishi siku kama 120, kwa hiyo mchana na usiku vimo humo. Asilimia 9.2 ni wastani wa kama 12 kwenye mashine. Ikiwa alfajiri yuko 7, kuna saa anapanda mno na wewe hupimi. Usiku anakula nini?

BintiTanga: Wali wa nazi. Na chai ya saa kumi ina sukari, ukimwambia ananuna.

Maabara_Moro: Haya, mpime masaa mawili baada ya huo wali. Mashine nayo inaruhusiwa kukosea: kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha 2013, kinataka majibu 95 kati ya 100 yasipishane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari ikiwa 5.6 kwenda juu. Maabara ikisema 10, mashine ikasoma 8.7, si mbovu. Ila kosa la namna hiyo haliwezi kugeuza 12 kuwa 7.

Mzee_Kibandamaiti: Binti, angalia na stripu, vile vijiti vya kupimia. Mke wangu aliwahi kuzitoa zote kwenye kopo akazipanga kwenye kisahani kabatini, eti zisipotee! Unyevu unaziharibu, na joto letu hili la pwani ndiyo kabisa. Kopo lifungwe papo hapo, tarehe iangaliwe. Halafu anawe mikono kwa sabuni, akauke vizuri. Mke wangu alibisha, nikamenya embe dodo mbele yake nikapima bila kunawa: 17. Nikanawa, kidole kingine: 8. Akanyamaza.

Maabara_Moro: Shikamoo mzee, umesema kweli. Niongeze kwamba HbA1c nayo si malaika. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha. Selimundu, au kuongezewa damu karibuni, vinaweza kuivuruga. Mwombe daktari aangalie na wingi wa damu. Dawa msiguse mpaka aone vipimo vya baada ya kula.

BintiTanga: Asanteni sana. Jana nimempima baada ya wali, kanawa kwa sabuni mbele yangu: 14.6. Akasema, "Si nimekwambia mashine mbovu?" Nikajipima mimi, sahani ileile tuliyokula wote: 5.9. Akaniambia mimi bado mtoto. Lakini leo jioni kidole kakitoa mwenyewe, na chai kainywa bila sukari, huku kanuna. Alhamisi tunarudi kliniki, la wingi wa damu nitauliza.