Hugin, PTGui au Lightroom: ipi inasawazisha vizuri rangi na mwanga wa panorama?

Mwanga_wa_Loleza
Wakuu, habari za humu. Nipo Mbeya mjini, napiga picha za mandhari kwa ajili ya nyumba za wageni na ofisi zinazotaka picha pana ya ukutani. Nina seti ya tambarare ya Usangu niliyopiga asubuhi kutoka kule juu barabara ya Chunya. Kuunga picha hizo ziwe moja pana (panorama) siyo tabu, programu zote zinaunga. Tabu ni anga. Linatoka na milia, sehemu nyeupe, sehemu ya giza, tena nyeupe, tena giza. Halafu upande wa kushoto, karibu na jua, una unjano ambao kulia haupo kabisa.

Nimegusa Hugin na toleo la majaribio la PTGui, na kuna jamaa ananishauri nilipie Lightroom. Naomba mliotumia zote mnilinganishie kwenye rangi na mwanga tu. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8. Picha ni RAW (faili ghafi za kamera), mizani ya weupe (white balance, jinsi kamera inavyosoma rangi ya mwanga) ilikuwa otomatiki.

Fundi_Uyole
Mkuu, kabla ya kuchagua programu tenganisha hayo mambo mawili, maana chanzo chake si kimoja.

Milia inatokana na lenzi. Karibu kila lenzi hupunguza mwanga kwenye kona, hasa ukiifungua sana. Kwenye picha moja huoni, lakini ukipanga picha kadhaa kwa mstari, zile kona zinarudia rudia na anga linakuwa na mawimbi. Unjano nao sehemu kubwa ni kamera: kila ulipogeuka, otomatiki ilikisia upya rangi ya mwanga.

Hugin inayashughulikia yote mawili, na ni ya bure. Watu wengi wanaishia kwenye msaidizi wa mwanzo, hawafiki ndani. Fungua kiolesura cha wazoefu (Advanced), nenda ukurasa wa picha, chini kabisa utaona sehemu mbili za kukokotoa: moja ya maumbo, nyingine ya mwanga na rangi. Hiyo ya pili inalinganisha maeneo ambayo picha zinapandana, kisha inakadiria eksposha (kiasi cha mwanga) ya kila picha, giza la kona na, ukichagua hivyo, mizani ya weupe pia. Chagua picha moja iliyokaa sawa iwe nanga, nyingine zote zifuate hiyo. Kwa Usangu ningechukua ya katikati, siyo ile iliyo karibu na jua.

Baada ya hapo Enblend, programu ndogo inayokuja na Hugin, ndiyo inaficha mishono. Inatumia njia ya watafiti Burt na Adelson ya mwaka 1983: rangi pana kama anga inachanganywa kwenye eneo pana, na vitu vidogo kama matawi vinachanganywa kwenye ukanda mwembamba. Kwa hiyo tofauti ndogo zinayeyuka bila miti kuwa na kivuli mara mbili.

Binti_Mufindi
Nakubaliana na Fundi kuhusu chanzo, ila kwenye chaguo nina mawazo tofauti. Kaka anafanya kazi ya wateja, muda wake una thamani. Kwa mashamba ya chai huku kwetu natumia Lightroom kwa sababu moja kubwa: ukiunga faili za RAW, unapata DNG (aina ya faili ghafi), na hiyo DNG bado unaweza kuibadilisha mizani ya weupe karibu kama faili ghafi. Mteja akisema kijani kimezidi, sirudi mwanzo.

Utaratibu wangu: nasahihisha picha moja, naweka thamani moja ya mizani ya weupe, nawasha wasifu wa lenzi (masahihisho ya kasoro za lenzi hiyo), halafu nanakili hayo yote kwa picha zote za seti. Ndipo naunga. Unjano wake utapungua sana kabla hata ya kuunga.

Udhaifu wake ni kwamba haikupi vishikio vya kurekebisha picha mojamoja ndani ya muungano. Ikikosea, imekosea. Na unalipia kila mwezi.

Mwanga_wa_Loleza
Asante dada. Hayo malipo ya kila mwezi ndiyo yananifanya nisite. Hakuna njia ya bure ya kunakili mizani kwa seti nzima?

Fundi_Uyole
Ipo. darktable au RawTherapee, programu za kusafisha RAW, zote za bure. Rekebisha picha moja, nakili mabadiliko, bandika kwa nyingine zote, toa TIFF (faili za picha zisizopoteza ubora) za biti 16, kisha ingiza Hugin. Usitoe JPEG hapo katikati. JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, na anga la buluu linalofifia taratibu likivutwa mara mbili tatu linakatika ngazi ngazi. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, tangu toleo 2.10 la mwaka 2018 inafungua biti 16 bila shida, kwa hiyo umaliziaji unaweza kufanyia humo.

Tambarare_TZ
Mimi nilikuwa natumia ICE, programu ya Microsoft ya kuunga picha kwenye Windows. Nyepesi mno.

Fundi_Uyole
Ilikuwa nzuri kwa haraka, lakini Microsoft wameshaiacha, na haikuwa na vishikio vya kusawazisha rangi kwa mkono. Kwa tatizo hili haisaidii.

Isimila_Duara
Naongezea upande wa PTGui, maana mmeipita. Napiga duara kamili, nyuzi 360, pale Isimila, Iringa, katikati ya zile nguzo za udongo mwekundu. Jua likiwa upande mmoja na kivuli cha korongo upande mwingine, tofauti ya mwanga ni kubwa mno. PTGui toleo la Pro inakadiria eksposha, giza la kona na mizani ya weupe kama Hugin, lakini unaona matokeo papo hapo, na inaunga seti za eksposha mbalimbali kwa utulivu. Ni ya kulipia, na toleo la majaribio linachapa alama juu ya picha. Kwa kazi ya duara nailipia bila kinyongo. Kwa picha ya ukutani kama ya mkuu, sioni ulazima.

Jambo moja kwa wanaopiga duara. Ukimaliza kuunga, kuwa makini na vishikio vya kuongeza ukali wa sehemu au kuondoa ukungu. Programu haijui kwamba ukingo wa kushoto na wa kulia vinakutana, inavikokotoa tofauti, na mtazamaji anaona mstari wima unaokata anga. Kwenye GIMP isogeze picha nusu ya upana wake ili mshono uje katikati, uukague, uurekebishe, kisha uirudishe.

Binti_Mufindi
Na kaka, nakuomba usiusawazishe mwanga wote ukawa bapa. Anga upande wa jua kweli lina mwanga zaidi na joto zaidi, hata jicho linaona hivyo. Kilichosababishwa na kamera kiondoe, kilichosababishwa na jua kiache. Ukifuta chote, asubuhi ya Usangu inafanana na saa sita mchana. Kama lenzi ina kichujio cha polarizer, kivue kwa picha pana: kinatia giza zaidi anga lililo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na doa hilo la buluu nzito programu hizi hazitalitoa vizuri.

Mwanga_wa_Loleza
Kichujio sikuwa nacho. Nimepitisha seti kwenye darktable kwa mizani moja, nikatoa TIFF, nikaingiza Hugin na kukokotoa mwanga pamoja na giza la kona, nanga ikiwa picha ya katikati. Milia imeondoka. Kushoto pamebaki na joto kidogo, na nikilinganisha na nilivyopaona naona pako sawa. Enblend imechukua muda mrefu kwa RAM hii ila imemaliza. Faili la kuchapia nitoe JPEG?

Isimila_Duara
Mchapaji akipokea TIFF, mpe TIFF. Akitaka JPEG, kumbuka haivuki pikseli 65,535 kwa upande mmoja, na utoe kwa sRGB (wasifu wa rangi wa kawaida) isipokuwa yeye mwenyewe amekuomba wasifu mwingine. Anza na kipande kidogo cha majaribio chenye anga na ardhi pamoja, ukitazame mchana karibu na dirisha kabla hajachapa picha nzima.