Mrejesho: skrubu za darubini ya babu

Niliuliza skrubu za kigoda cha darubini ya shaba, ya Kiingereza, aliyotuachia babu hapa Lamu, ni za hesi gani (yaani mizunguko ya meno ya skrubu), maana nati ya M5, ya metriki ya skrubu ya milimita 5, iliingia lakini ikacheza. Aliyenijibu kuwa ni BA (British Association, hesi za Kiingereza za skrubu ndogo) kapatia. Fundi wa injini za mashua alipima kwa kalipa: kipenyo milimita 4.7, na hesi kumi zikachukua milimita 8.1. Basi ni 2BA, yaani BA saizi namba 2. Nati ya M5 hesi zake zimeachana milimita 0.8, karibu sawa na 0.81 za 2BA, ndiyo maana inadanganya! Tena pembe ya jino la hesi ya BA ni digrii 47.5, ya metriki 60. Nati nimeagiza Uingereza. Kaka uliyeshauri nikate matundu upya kwa tapu ya M5, uniwie radhi, shaba ya babu siichokoi.