Mjusi anayewaka kijani usiku kwenye mchanga wa Namibia, ni mjusi gani?

Dereva_Kolwezi:
Wakuu, habari zenu. Nabeba shaba kutoka Kolwezi, Kongo, kwenda bandari ya Walvis Bay, Namibia. Tukiwa tunasubiri kushusha, usiku tulikwenda na mwenzangu kwenye matuta ya mchanga ya kuelekea Swakopmund. Ana tochi ile ya kukagulia noti bandia, akawa anasaka nge. Ghafla tukaona mstari wa kijani mkali, chini kabisa, unasogea. Kumbe mjusi, wa rangi ya waridi, macho makubwa, ngozi nyembamba hadi matumbo yanaonekana. Ana sumu? Na pale hakuna maji, anaishije? Mwenzangu anataka kurudi naye nyumbani.

Mzee_wa_Mbezi:
Kitu kinachowaka usiku jangwani mnakifuata cha nini? Kiacheni.

Bint_Tanga:
Hana sumu kabisa, kaka. Nilikuwa nawatembeza watalii Swakopmund, na mjusi huyu ndiye niliyempenda kuliko wanyama wote wa kule. Wataalamu wanamwita *Pachydactylus rangei*. Ni jamii ya mjusi kafiri wetu wa ukutani, ila yeye hapandi kuta. Vidole vyake vimeunganishwa na ngozi kama miguu ya bata, na kwa miguu hiyo anatembea juu ya mchanga tifutifu na kuchimba shimo. Mchana, juu kunapounguza, yeye kalala chini kwenye ubichi. Usiku anatoka kuwinda mchwa, nyenje na buibui.

Maji anayapata kwenye ukungu. Mvua pwani ile kwa kawaida haifiki milimita 20 kwa mwaka, lakini mkondo wa bahari wa Benguela unaopita pwani hiyo ni wa baridi, hewa ikipita juu yake inakuwa ukungu unaoingia hadi jangwani. Mjusi anasimama tuli, matone yanamjaa kichwani na machoni. Kope za kufumba hana. Anatoa ulimi, anaupitisha juu ya jicho zima, anatulia, halafu jicho la pili. Hapo kanywa na kajipangusa mchanga kwa mara moja.

Ule ukijani ulielezwa na watafiti wa Munich, Ujerumani, mwaka 2021. Kuna seli za ngozi zenye fuwele, yaani chembe ndogo za kung'aa, za kemikali iitwayo guanini. Zikipigwa na mwanga wa buluu, hata wa mbalamwezi, zinarudisha kijani. Ziko kuzunguka macho na ubavuni kwa chini tu. Adui akiwa juu hazioni vizuri, ila mjusi mwenzake aliye mchangani anaziona. Watafiti wanadhani ndivyo wanavyotambuana, maana kila mmoja anaishi peke yake.

Dereva_Kolwezi:
Asante sana dada. Sasa huyu mwenzangu nimwambie nini? Keshatafuta na kopo.

Bint_Tanga:
Mwambie alirudishe kopo, tafadhali. Kumchukua bila kibali ni kosa, na Kolwezi hakuna ukungu wa bahari wala mchanga ule. Hata kumshika msimshike, ngozi yake ni laini mno. Tochi mmulikeni kidogo tu, mzime. Na angalieni mnapokanyaga: kuna nyoka mdogo jamii ya kifutu anayejifukia mchangani akabakisha macho nje, naye anawala mijusi hawa. Huyo ndiye mwenye sumu. Msiende na kandambili.