Mjadala: Ibada isiyomgharimu anayeabudu, inampendeza Mungu?

Mkazi wa Manyatta, Kisumu (mwanzisha mada)

Wapendwa, Bwana asifiwe. Naleta hoja hii nikijua kuna watakaoniita mpinga Kristo kabla hawajafika aya ya pili.

Ploti ninayokaa imepakana na kanisa la mabati. Jina silitaji, na mchungaji wake ni mtu mwema tukikutana dukani. Kila Ijumaa kuna kesha. Kungekuwa na sauti za watu tu nisingeandika. Kuna spika kubwa zilizoelekezwa nje, kinanda cha umeme, na mhubiri anayepaaza mpaka maneno yenyewe hayashikiki, unabaki na mkwaruzo. Jirani yangu mmoja huamka saa tisa usiku kwenda ufuoni Dunga kuwahi samaki. Ijumaa huondoka hajalala.

Sheria ipo, tusizunguke. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 40 mchana na 35 usiku kwa mahali pa ibada, na usiku kwa hesabu yao unaanza saa mbili. Desibeli 35 ni kama watu wanaonong'onezana. Lakini sikuja kushtaki mtu. Swali langu ni la imani: ibada ile inampendeza Mungu?

Najua jibu litakalokuja kwanza: "Mungu huangalia moyo." Kweli kabisa. Ila siku hizi jibu hilo tumeligeuza kufuli. Ukishalibana, hakuna anayeruhusiwa kuuliza chochote, awe mpiga kelele au mla sadaka.

Mimi napendekeza tupime kwa 2 Samweli 24. Tauni imeua watu, Daudi anaambiwa akajenge madhabahu kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna Myebusi. Arauna anampa vyote bure: uwanja, ng'ombe wa kuteketezwa, hata vifaa vya kupuria viwe kuni. Mfalme anakataa. Anasema hawezi kumtolea Bwana sadaka ambayo haijamgharimu. Analipa shekeli 50 za fedha, ndipo anachinja.

Sasa tuje Manyatta. Kesha lile nani analigharimia? Aliye ndani amechagua kukesha, Jumamosi atalala mpaka mchana. Muuza samaki hakuchagua. Na zile spika, kwa taarifa yenu, hazikununuliwa na waumini. Mheshimiwa mmoja alizileta kwenye harambee mwaka wa kampeni, akapewa mikrofoni, akaongea kuliko mhubiri. Usingizi ni wa jirani, spika ni za mheshimiwa. Wenye ibada wametoa nini?

Hoja yangu basi ni hii: ibada ya kweli, iwe ya ngoma au ya kimya, ya Kilatini au ya Kijaluo, hulipiwa na yule anayeabudu. Ukimtwisha mwingine gharama bila ridhaa yake, hujamtolea Mungu kitu. Karibuni.

Mama wa Maombi, Kondele

Ndugu yangu, Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani na wafungwa wengine wakawa wanawasikiliza. Hatusomi kwamba kuna aliyekwenda kuwashtaki kwa kukosa usingizi.

Baa zilizo barabarani hapa Kondele zinapiga muziki mpaka jogoo anawika, na sijaona umefungua mjadala wa baa. Kanisa ndilo linawaumiza masikio.

Nikwambie kitu ambacho labda hukijui kwa sababu hujaingia mle. Wengi wanaokuja kesha ni akina mama. Nyumba zetu ni za chumba kimoja. Nikilia usiku, watoto wanaamka, kesho wanaulizana mama ana nini. Jirani wa ukuta wa pili anasikia, na kesho bombani watu wote wanajua. Mahali pekee ninapoweza kulia kwa sauti, nikamwambia Mungu mambo yangu kwa majina yake, ni pale ambapo kila mtu anapiga kelele na hakuna anayenisikia. Hiyo spika unayoilaani ndiyo pazia langu.

Unasema hatutoi kitu. Tunatoa siri zetu.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga

Mada imekaa vizuri, na jibu la Mama limeniingia. Naomba niongeze historia kidogo, maana huku kwetu neno "kelele" limewahi kutumika kufukuzia watu kanisani.

Wamishonari wa Marafiki (Quakers) walifika Kaimosi mwaka 1902. Marafiki wanajulikana kwa ibada ya kukaa kimya wakimngoja Roho, ingawa hawa waliotoka Marekani walikuwa wameshazoea nyimbo na mahubiri. Mwaka 1927, pale pale Kaimosi, waumini Waafrika wakaanza kulia, kutetemeka, kuungama dhambi hadharani na kunena kwa lugha. Viongozi wa misheni wakaona fujo, wakapiga marufuku, na hatimaye wale watu wakatengwa. Ndio mwanzo wa makanisa ya Roho mnayoyaona Vihiga na Kakamega mpaka leo.

Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1942, Zakayo Kivuli alitoka misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori akaanzisha kanisa la African Israel Nineveh. Ukikaa Kiboswa au Majengo umewaona: kanzu nyeupe, vilemba, bendera, ngoma, mwendo wa kuruka barabarani. Wengi walioelimishwa misheni waliwacheka. Lakini watu wale walikuwa na jambo ambalo kanisa langu lenye viti vya mbao nzuri halikuwa nalo: mtu alisimama mbele ya wenzake akasema alichoiba na alichomfanyia jirani.

Ndiyo maana naogopa kidogo ukisema "mkwaruzo". Wamishonari nao walisikia mkwaruzo.

Hata hivyo nakupa haki upande mmoja. Ngoma ya Israel inapita. Inatoka kwenye mikono ya mtu anayechoka, ikifika kanisani inanyamaza, na mpigaji analala. Spika haichoki, na mwenye kuiwasha anaweza kuwa amekaa kitako. Hapo tofauti ipo, na sidhani ni ndogo.

Msabato, Nyamira

Mwanzisha mada, kipimo chako kina tundu kubwa, nashangaa wenzangu hawajaliona. Nenda 1 Wafalme 18, mlima Karmeli. Manabii wa Baali waliita tangu asubuhi, wakarukaruka, wakajikatakata kwa visu mpaka damu ikachuruzika. Hao waligharimia ibada yao kuliko mtu yeyote Manyatta. Iliwasaidia nini?

Kaini naye alileta mazao ya jasho lake mwenyewe. Nadabu na Abihu waliingia na moto ambao Bwana hakuwaagiza, na hatusomi kwamba moto ule ulikuwa wa bei rahisi. Samweli alimwambia Sauli kutii ni bora kuliko dhabihu. Basi kipimo ni utii: Mungu amesema aabudiwe vipi, lini, na kwa mwenendo gani? Ukianza na gharama utaishia kusifu kila anayejitesa. Ukianza na "nimejisikia kulia", utaishia popote moyo unapokupeleka, na moyo una udanganyifu kuliko vitu vyote, ndivyo Yeremia alivyosema.

Kijana wa Section 58, Nakuru

Mimi niko kwenye pesa. Septemba 2021 pale Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa kuongoza dayosisi ya Kianglikana Kenya, Askofu Mkuu Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia kanisani. Vigogo walikuwepo, wakakaa wakasikiliza neno kama sisi. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi akakataa michango ya Rais iliyotolewa kwenye parokia ya Soweto, akataka irudishwe. Kwa hiyo inawezekana. Msituambie kanisa haliwezi kuendelea bila mheshimiwa.

Na mheshimiwa akitoa milioni zake, kwa kipimo cha Marko 12 bado ametoa chini ya yule mjane wa senti mbili. Sasa kwa nini ni yeye anayepewa mikrofoni?

Mwanakwaya, Kakamega

Kijana ameongea. Ila naona mnaandika kana kwamba ibada ya dhati lazima itoke kifuani bila kupangwa. Kwaya yetu hufanya mazoezi Jumatano na Jumamosi, sauti nne, mtu akikosea nusu noti tunarudia. Kuna watu hapa kanisani wanatuita "wasanii". Walawi wa Daudi walikuwa waimbaji waliofundishwa kwa zamu, Mambo ya Nyakati imeandika majina yao. Kujiandaa si unafiki. Unafiki ni tenor mmoja, namjua, anayeimba kwa machozi Jumapili na hajamlipa dada mmoja mwenye nyumba kodi ya miezi.

(Samahani, hilo la kodi limetoka. Lakini nimeliacha.)

Mama wa Maseno

Sikutaka kuandika.

Mimi ni wa Anglikana, wa kitabu cha sala. Kwa miaka mingi wapendwa wa makanisa mengine wamenicheka kwamba nasoma maombi ya mtu aliyekufa zamani, hayatoki rohoni. Mwaka niliomzika kijana wangu, sikuwa na neno lolote rohoni. Nilikaa kanisani nikiwa mkavu. Watu wakasimama, wakasoma maneno yale yale ya kila Jumapili, mdomo wangu ukafuata kwa mazoea tu. Ungenipima moyo siku ile ungekuta hakuna kitu, labda hasira.

Kwa hiyo mwanzisha mada, nakuuliza na wewe. Unasema anayeabudu alipe. Siku ile sikuwa na cha kulipa. Sikuwa na sadaka, wala imani ya kutosha, wala machozi. Ibada yangu ilikataliwa?

Na Msabato, mdogo wangu, nakuuliza hilo hilo. Nilitii tu kwa sababu miguu ilijua njia ya kanisa.

Msabato, Nyamira

Mama, pole sana. Sina jibu la haraka kwa hilo, na sitakutupia mstari.

Mkazi wa Manyatta, Kisumu (mwanzisha mada)

Nimesoma yote. Nijibu kwa mpangilio wangu.

Msabato, manabii wa Baali walijikata ili wamlazimishe mungu wao ajibu. Walikuwa wananunua. Daudi hakununua huruma ya Mungu kwa shekeli 50, alinunua uwanja wa Arauna ili mali ya mtu mwingine isiwe sadaka yake yeye. Sijasema maumivu humpendeza Mungu. Nimesema usimtolee cha mwenzako. Na kama utii ndio kipimo, Kristo mwenyewe ameagiza katika Mathayo 5: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako pale, nenda mkapatane kwanza. Muuza samaki ana neno.

Mwalimu, historia yako imenipa silaha badala ya kuninyang'anya. Watu wa 1927 waligharimia. Walipoteza kanisa lao. Hata wale wa uamsho uliotoka Rwanda ukafika Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930, kilichowashangaza watu ni kwamba mtu aliyeokoka alirudisha alichoiba na kulipa madeni. Yaani jirani alijua umeabudu kwa sababu jembe lake limerudi. Siku hizi jirani anajua umeabudu kwa sababu hajalala.

Mama wa Maseno, sidhani ibada yako ilikataliwa hata kidogo. Siku ile uliabudu kwa gharama ya wenzako, na wao walikubali. Walikusomea maneno yako ulipokuwa huna. Kubebana kwa hiari ndiyo maana ya kanisa, vinginevyo kila mtu angekaa nyumbani na Biblia yake. Ninachokipinga ni kubebeshwa. Muuza samaki hakusimama kusoma na mtu, amewekewa mzigo mlangoni akiwa amelala.

Mama wa Maombi, baa haisemi inamwabudu Mungu, ndiyo maana sijaipima kwa Samweli. Nitaipima kwa desibeli. Lakini hilo la pazia sina la kulipinga, na sitaki unyamazishwe. Nauliza tu: pazia haliwezi kutazama ndani? Spika zikigeuzwa ziwaelekee ninyi, utalia vilevile na hakuna atakayekusikia.

Mwanakwaya, Kakamega

Zikigeuzwa ndani mtaziba masikio nyinyi wenyewe, ndipo mtajua zilivyo kubwa. Mimi nafanya kazi na vyombo, nawaambia.

Mama wa Maombi, Kondele

Nimecheka.

Sawa, la kugeuza spika nitalipeleka kwa kamati ya kwetu. Sisi pia tuna majirani, na kuna mzee mmoja nyuma ya madhabahu ambaye ni mgonjwa, sikuwa namfikiria. Lakini mwanzisha mada, mpaka sasa umetuhesabia gharama ukiwa nje ya ukuta. Umeona spika, hujaona mama anayekuja kwa miguu kutoka Nyalenda na mtoto mgongoni kwa sababu hana nauli, akatoa shilingi ishirini. Hiyo uliandika wapi?

Ijumaa hii njoo, iwe kwetu au kwa hao majirani zako. Kaa nyuma, hesabu vizuri nani ametoa nini. Na uje na sadaka yako mwenyewe, kwa sababu kinanda chetu kimeharibika na safari hii tumekubaliana hatumwombi mheshimiwa.